Debe la Mwisho wa Mstari

Mke mwenzangu mpendwa, Sekela,

Kwanza usishtuke. Hakuna aliyekufa, hakuna anayeumwa, nyumba haijaungua. Najua barua ikitoka nyumbani mtu huifungua akitafuta jina la marehemu. Usilitafute. Nakuandikia kwa sababu simu umeishinda. Kila nikipiga unasema mtandao unakatika, nami nasikia wazi muziki wa duka la jirani yako, mpaka nyimbo zenyewe nimeshazijua. Mtandao gani huo unaopitisha ngoma na kuzuia maneno ya bibi?

Anayeshika kalamu ni Mama Tabu, jirani yetu. Mimi unanijua, shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa kuni kule Mbebe nilikozaliwa. Nimemwambia aandike ninavyosema, asipambe. Alianza na "natumaini barua hii itakukuta katika hali ya afya njema," nikamwambia afute, maana kama ni mgonjwa nitajua ukija. Na barua hii haina siri. Ukishaisoma, wasomee hao wasichana mnaopanga nao vitenge hapo Tunduma, hasa wale ambao nao walitolewa nyumbani na matokeo ya mtihani. Inawahusu.

Juzi, mara moja uliyopokea simu bila mtandao kukatika, uliniambia hivi: "Bibi, mimi sina kichwa cha shule. Niache nitafute maisha." Kisha ukaniambia "mukwai," lile neno lao la heshima, kama Mzambia, ukakata. Nilibaki na simu sikioni kama mtu anayejikanda jino. Neno lako limenikaa kichwani mpaka leo, na ndilo ninalolijibu.

Maana Jumapili, watu wakitoka ibadani, Mwalimu wako wa Baiolojia alipita hapa. Alikunywa uji, akakaa, akasema kile kituo cha wanaorudia mtihani pale Vwawa kinaanza masomo baada ya mavuno. Amekuombea nafasi. Inashikiliwa hadi mwisho wa mwezi huu. Usipotokea wewe mwenyewe kwa miguu yako, anapewa mwingine. Hiyo ndiyo habari yote, na ningeweza kuishia hapo. Ila najua ukisoma mpaka hapa utaikunja barua na kusema, "Bibi haelewi." Usiikunje. Kaa juu ya hilo furushi la vitenge, nikurudishe kwenye jani.

Ulikuwa kidato cha tatu, likizo ya katikati ya mwaka, baridi kama hii ya sasa inayong'ata masikio. Ulikuja na kichupa cha dawa ya kahawia ulichopewa na mwalimu. Ukasema ni iodini, na kazi ya likizo ni kupima majani kama yana wanga. Mimi nikauliza wanga ndiyo nini. Hukunijibu kwa mdomo. Ulimega tonge la ugali kwenye sahani ya Babu yako, ukadondoshea ile dawa, tonge likawa jeusi la kuelekea bluu, kama sufuria iliyoungulia. Babu yako akaacha kutafuna.

"Mke mdogo," akasema, "kama umenichoka si useme tu?"

"Babu, hii inaonyesha kuna wanga."

"Inaonyesha kuna mjane kesho."

Ulicheka mpaka ukakitikisa kile kichupa, tone likaanguka kwenye daftari lako. Na daftari nalo likaweka doa jeusi. Mimi nikasema, eh, na karatasi nayo ni ugali? Ukaniambia hata karatasi huwekwa wanga kiwandani, ndiyo maana. Nililihifadhi hilo. Mimi siandiki, kwa hiyo vitu huviweka kichwani, na huko panya hawafiki.

Kisha ukaeleza kazi yenyewe. Jani likiwa juani hujipikia chakula, likifungiwa gizani hula akiba yake mpaka inaisha. Kwa hiyo uchukue mmea mmoja uufunike siku mbili, na mwingine uuache juani. Jani la juani litakuwa jeusi. Lililofunikwa litabaki na rangi ya dawa, kahawia kama chai ya rangi. Ukauchukua mharage wako uliouotesha kwenye kopo la mafuta. Ndani nilikukataza kuuweka, moshi wa jiko langu ungeuua kabla ya giza. Ukaupeleka mwisho wa mstari wa miche ya Babu yako, ukaufunikia debe, ukaweka na jiwe juu. Sisi wawili tukaenda zetu kuvuna mahindi.

Halafu ikaja habari ya gongo. Usitulie hapo ukidhani nitairuka kwa sababu Mama Tabu ndiye mwandishi.

Ulisema jani lazima litolewe ukijani wake kwa spiriti, na duka la dawa siku hiyo hawakuwa nayo. Ukaguna, ukasema gongo kali inaweza kufaa. Nilifunga khanga, nikateremka bondeni kwa yule mzee anayejulikana, mchana kweupe, nikarudi na chupa kwapani. Sikuificha. Mtu anayeficha chupa ndiye mnywaji. Nani nikutane naye njiani, kama si Mama Tabu?

"Shikamoo, Bibi Sekela. Hicho nini kwapani?"

"Marahaba. Gongo."

"Gongo! Na Jumapili utasimama kwaya!"

"Si yangu. Ya jani."

"Jani nalo linakunywa?"

"Linaoga."

Anacheka sasa hivi, kalamu imeruka. Mama Tabu, andika pia kwamba kabla jua halijazama kwaya nzima ilikuwa inajua, na kwamba ulitufuata hadi uani kuhakikisha nani analewa. Andika. Vizuri.

Sekela, nakuona bado ulivyokuwa umejifunga ile khanga yangu ya zamani, ukitoa amri kama mkunga. Majani yakachemka kwenye maji kwanza. Nikataka kumimina gongo kwenye sufuria palepale jikoni, ukanishika mkono: "Bibi, hapana! Itashika moto, itatubabua nyusi!" Ukaepua yale maji ya moto, ukayapeleka mbali na jiko kabisa, ukazamisha humo kikombe chenye gongo na jani. Gongo ikaanza kugeuka kijani. Jani likatoka limepauka, gumu, linavunjika kama ganda la kitunguu. Ukalilainisha kwenye maji ya uvuguvugu, ukalitandaza kwenye ile sahani yangu nyeupe ya harusi, nami sikusema neno juu ya sahani. Ukadondosha dawa. La juani likawa jeusi. Mama Tabu akasema "Yesu wangu!"

Ukaleta lile la debe. Ukafanya vilevile, gongo, maji, sahani, dawa.

Likawa jeusi vilevile.

Ukaongeza dawa, likazidi kuwa jeusi. Ukakaa chini kwenye majivu, ukalia kama mtu aliyeibiwa. Kisha ukajifuta pua, ukasema utaandika limekuwa kahawia, kwa sababu kitabu kinasema hivyo na mwalimu anataka hivyo.

Nilikuuliza, "Kitabu kilikuwepo hapa? Kimeiona sahani yangu?"

"Hapana, Bibi."

"Basi andika ulichoona."

"Mwalimu atanipa kosa."

"Akupe. Kosa halivunji mfupa."

Ukaandika nyeusi. Shule zilipofunguliwa daftari likarudi na kosa jekundu, refu kama mguu wa jogoo, na wenzako wakakuimba darasani kwamba bibi asiyejua "a" ndiye anakufundisha Baiolojia. Mlipopewa ruhusa ya wiki kuja nyumbani, ulirusha mkoba mlangoni ukaniambia, "Si unaona!" Sikukuomba radhi siku ile, na leo siombi. Nilikwambia funika tena.

Ukafunika tena, mharage mwingine, mahali palepale, jiwe zito zaidi. Ilikuwa Jumamosi, tukatangulia shambani. Njiani nikakumbuka tumesahau magunia, tukarudi. Na pale, mwisho wa mstari, tukamkuta Babu yako ameinama, jiwe ameliweka kando, debe ameliinua kwa mikono miwili, anazungumza na mharage wako.

"Amka, amka. Jua limetoka."

Wewe ukapiga yowe lililowatoa kuku mtini. "Babu! Kumbe ni wewe!"

Naye akashangaa kabisa, akakutazama kama wewe ndiye mkosaji. Maana wewe mwenyewe unajua kazi yake. Huku kwetu baridi ikija, kila mche wa nyanya na kabichi hulala umefunikwa, huu kopo, ule ndoo iliyotoboka, ule chungu kilichopasuka. Jioni funika, asubuhi funua. Mikono yake ilifanya hivyo tangu sijaolewa. Ilipita mstari wote, ikafika kwenye debe lako, ikafunua. Jioni kabla hatujarudi ikafunika tena. Hakuna aliyemwambia, maana nani angemwambia mzee habari za kopo? Mharage wako ulikuwa unakula jua mchana kutwa, na sisi tunadhani uko kaburini.

"Babu, ulitakiwa kukaa gizani!"

"Mchana? Hata mwizi mahabusu hupewa chakula."

"Ni jaribio, Babu."

"Na jiwe juu! Mke mkubwa, umemfundisha nini huyu? Anamwekea mgonjwa jiwe kifuani."

Tulicheka pale mpaka mahindi yakatungoja. Ila wewe katikati ya kicheko ukasema taratibu, "Kwa hiyo nilichoandika kilikuwa kweli." Nilikuona uso wako. Nimezaa, nimeozesha, nimezika, lakini uso ule sijauona kwa mtu mwingine. Ulikuwa uso wa mtu aliyekanyaga chini akakuta pagumu.

Mara ya tatu Babu yako alikatazwa kugusa. Akawa analizunguka lile debe kama mbwa anayezunguka chungu cha nyama. Ulipolipima jani, likabaki kahawia, rangi ya chai, kama kitabu kilivyosema. Wewe ukashangilia. Yeye hakushangilia. Aliliangalia kwenye sahani, akasema, "Kwa hiyo lilikuwa na njaa." Akaenda, akalibeba kopo lenye mmea, akaliweka juani mwenyewe. Na kabla hujarudi bweni ulichuma jani la mharage uleule, ukapima, likawa jeusi. Unakumbuka alivyosema? "Si niliwaambia halikuwa na tatizo?"

Uliyaandika yote, na debe, na miche, na Babu. Mwalimu aliwasomea darasa zima. Uliniambia alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akachukua kalamu yake nyekundu, akaliziba lile kosa la kwanza, akaweka vema. Tangu siku ile wenzako wakaanza kukuita Daktari wa Debe, ukajifanya umekasirika.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipokuwa nakupeleka.

Mwaka uliofuata, wa mtihani, Babu yako akaanguka na kiharusi. Mwaka ule nauzungumza mara moja tu, kisha nauweka chini. Wajomba zako wako mbali, mama yako ana watoto wadogo kule Msangano alikoolewa tena, na mgongo wangu mimi unaujua. Ulirudi kutoka bweni ukasema utatembea kwenda na kurudi. Nani alimgeuza kitandani? Wewe. Nani alichota maji kabla hakujapambazuka, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko, akafua mashuka, ndipo akakimbia shule akafika vipindi vimeshaanza? Nani alilala sakafuni hospitali ya Vwawa na daftari chini ya kichwa? Ulikuwa ukimsomea masomo yako kwa sauti ili upate mambo mawili kwa wakati mmoja. Ulifika kwenye majani, naye mdomo umepinda, akasema "debe." Neno pekee lililotoka sawasawa wiki ile.

Na mkono wake mmoja uliobaki na nguvu. Kila alfajiri aliunyanyua kitandani, juu kidogo, akaushikilia hewani, akaushusha. Daktari alisema ni mishipa. Wewe ulijua. Ulikuwa unamwambia, "Nimeamka, Babu. Jua limetoka."

Tulimzika, na udongo haujakauka ukaingia kwenye mtihani. Na katika mambo yote ya dunia, siku ya vitendo wakawawekea jani. Jani, spiriti, kigae cheupe, iodini. Wewe ambaye ungeweza kulifanya ukiwa umelala. Uliniambia siku ileile usiku na hujalirudia tena: "Bibi, nililitazama tu. Nilimwona Babu. Muda ukaisha." Matokeo yakatoka, ukapata sifuri, ukakunja nguo zako, ukaniambia unaenda kumsalimia shangazi Tunduma. Shangazi mwenyewe hujafika kwake mpaka leo.

Basi. Umesema "sina kichwa." Mimi nakuuliza kama nilivyokuuliza uani: ndicho ulichoona?

Mimi nilichoona ni hiki. Niliona mmea uliokaa chini ya debe mwaka mzima, na jiwe juu. Wakaja watu na dawa yao wakachuma jani wakalipima, likatoka kahawia. Dawa haikusema uongo. Hao waliosahihisha hawakukuonea, sitaki kukusikia ukiwalaumu. Walipima kilichokuwepo siku ile. Ila wewe, wewe uliyelia kwenye majivu, uliyerudia mara ya tatu, leo unatazama jani kahawia na kusema mmea haufai? Mwanafunzi wangu gani huyo? Hukuuliza nani alifunika? Hukuuliza limekaa gizani muda gani?

Na usinielewe vibaya. Sisemi ulikosea kumuuguza. Ulifanya la haki, na ningekuwa na mbingu ningekupa nusu. Babu yako alikuhitaji, nami nilikuhitaji, na hakuna anayejuta hapa. Ila kazi ya haki nayo ina kivuli. Mtu akikubebea mzigo, huwezi baadaye kumcheka kwamba hakukimbia.

Wala siichukii biashara yako. Mama Tabu alitaka kuandika kwamba Tunduma imekuharibu, nikamnyang'anya kalamu, ingawa sijui kuitumia. Kuuza vitenge si aibu. Unavuka mpaka, unajua kwacha na shilingi, unawaita wateja "mayo," yaani mama kwa lugha yao, wanageuka, vizuri. Ungeniambia, "Bibi, biashara nimeipenda, naiacha shule kwa furaha," ningepiga vigelegele na kukuombea wateja. Hukusema hivyo. Umesema huna kichwa. Huo ni uongo, Sekela, na uongo ndani ya nyumba hii haukufundishwa. Ukitaka kukaa huko, kaa kwa sababu ya kweli. Ukiwa na sababu ya uongo, rudi.

Najua kinachokushika zaidi. Aibu. Unaona utapita njiani na furushi, watoto uliowaacha kidato cha tatu sasa wako sawa na wewe, watu wataguna. Waache wagune. Mimi nilipita njia hiyohiyo na chupa ya gongo kwapani, mwanakwaya mzima, kwa ajili ya jani lako. Jumapili nikasimama mstari wa mbele nikaimba sauti ya kwanza. Walioguna walichoka wenyewe, na mmojawao leo ananiandikia barua. (Amenikodolea macho. Nampenda huyu mwanamke, andika hilo pia.)

Hata Mwalimu siku ya Jumapili nilimbana. Nilimuuliza, "Unamtaka arudi kwa huruma, au unamtaka kwa kichwa?" Aliweka bakuli la uji chini. Akasema, "Bibi, nimefundisha wengi wanaojua jibu. Aliyeniletea jibu lisilo la kitabu, kisha akaenda kutafuta sababu, ni huyo mmoja." Nikamwongezea uji.

Hapa nyumbani baridi imeshuka vizuri. Nyanya nimepanda mimi mwaka huu, na kabichi kidogo. Miche inalala na makopo yaleyale, ndoo ileile, na kile chungu kimepasuka zaidi. Jioni nafunika, asubuhi nafunua. Mgongo unalalamika, nauambia wenzako wamekufa wewe unalalamika. Na kila asubuhi nikimaliza mstari nafika pale mwisho. Debe lako bado lipo, limeinamishwa chini, jiwe juu. Chini yake hakuna kitu. Mmea wenyewe uko Tunduma unapanga vitenge. Lakini naliweka jiwe kando, nalinyanyua, nasema, "Amka, jua limetoka." Mara ya kwanza nilijiona mwehu. Sasa nimezoea. Mama Tabu ananiona kutoka kwake, na hajamwambia mtu, kwa hiyo ujue jambo ni zito.

Mkono wa kulinyanyua si wangu, ulikuwa wa mume wetu. Nimeurithi tu. Nitaendelea mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo njoo ulinyanyue mwenyewe, au njoo ulichukue ukachotee maji huko mpakani. Sitaacha lifunike hewa.

Nafasi ya kulala ni ileile, nimesiriba sakafu upya kwa udongo, godoro limeanikwa. Ada usiulize, kahawa imezaa. Usije na zawadi. Njoo na daftari.

Wasalimie wenzako. Waulize na wao, kila mmoja, nani alifunika lao.

Namaliza, maana wino wa Mama Tabu unaisha na ugali wake unaungua. Jina langu siwezi kuliandika, na sitaki aniandikie yeye, utadhani ni maneno yake. Kichupa chako bado ninacho, kilibaki na tone la chini. Nimechovya kidole gumba humo nikakibandika hapa. Kidole kilitoka kahawia. Angalia alama iliyobaki kwenye karatasi ina rangi gani. Mama Tabu ameruka nyuma, anataka nimweleze kwa nini. Nimemwambia anayejua kueleza yuko njiani.

Mke mkubwa,
bibi yako.